Kusaka kazi na mshono bado mbichi

Karatasi unayopewa siku ya kuruhusiwa hospitali baada ya upasuaji huku Zanzibar, iwe Mnazi Mmoja au Lumumba za Unguja, au Abdulla Mzee kule Mkoani, Pemba, inaeleza ulichoumwa, ulichofanyiwa na dawa ulizoandikiwa. Mwajiri haihitaji, na wewe huna haja ya kumpa. Karatasi itakayokusaidia kupata kazi ni nyengine kabisa: ile inayosema unaweza kufanya nini na kuanzia lini. Hiyo haitoki mpaka uiombe, na wengi hawaiombi. Wanatoka na ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya wiki mbili au mwezi, wanakaa nyumbani mpaka iishe, kisha wanajitupa kwenye kazi yoyote iliyojitokeza.

Iombe siku ya kutoa nyuzi au siku ya kuangaliwa kidonda, ambayo kwa upasuaji wa tumbo huwa kati ya siku ya 7 na ya 14. Kliniki imejaa, daktari ana dakika chache, kwa hiyo usiende na swali pana la "naweza kufanya kazi?" Utajibiwa "pumzika kwanza" na mgonjwa mwengine ataitwa. Nenda na maswali yameshaandikwa:

- Mwisho wangu wa kuinua ni kilo ngapi, na mpaka tarehe gani?
- Nisimame kwa muda gani kabla ya kukaa?
- Ngazi, kuinama na kunyanyua mikono juu ya mabega, naruhusiwa?
- Lini niendeshe vespa au gari?
- Lini niingie baharini?
- Hizi dawa zinalewesha usingizi? Nazimaliza lini?

Halafu mwombe aandike mistari mitatu tu, yenye tarehe, saini na muhuri: "Anaruhusiwa kazi nyepesi ya kukaa kuanzia tarehe fulani. Asiinue zaidi ya kilo 5 hadi tarehe fulani. Ataonwa tena tarehe fulani." Jina la ugonjwa halihitajiki hapo. Daktari akiliandika kwa mazoea, mwambie kwa adabu kuwa karatasi inakwenda kwa mwajiri, naye ataelewa. Kama ulipasuliwa Dar es Salaam, Muhimbili au MOI (taasisi ya mifupa iliyo hapo hapo Muhimbili), iombe kabla hujapanda boti ya kurudi. Ukishavuka bila ya kuiomba, chukua ripoti yako umwoneshe daktari wa hospitali ya huku. Akiiona anaweza kukuandikia.

Piga kopi mbili, na ile ya asili isitoke nyumbani.

Kilo tano ni kitu gani

Watu wanasikia "usinyanyue vizito" na kila mmoja anaelewa lake. Galoni la maji la lita 5 ni kilo 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtungi mdogo wa gesi, ule unaoitwa wa kilo 6, ukijaa unapita kilo 12, kwa sababu chuma chenyewe kina uzito wake. Sinia la sahani sita za chakula mkononi mwa mhudumu linapita kilo 5 bila ya taabu. Sanduku la mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege huwa na kilo 20 na ushei. Ukishajua hivyo, tangazo la kazi unalisoma kwa jicho jengine.

Sababu ya makatazo haya haionekani kwa macho. Ngozi inafunga ndani ya wiki mbili, na mtu akiona mshono umekauka anadhani amepona. Lakini ule utando mgumu ulio chini ya ngozi, unaoshikilia matumbo yasitoke, unachukua wiki nyingi kurudisha nguvu. Ukiukaza mapema unaachia, na unajipatia ngiri ya mshono, yaani upasuaji wa pili.

Makadirio ya kawaida ni haya, na karatasi yako ikisema tafauti, fuata karatasi. Ngiri: kazi ya kukaa baada ya wiki moja au mbili, mizigo baada ya wiki 4 hadi 6. Kidole tumbo kwa mkato wa kawaida: kazi nyepesi wiki ya 2 hadi ya 4. Kujifungua kwa upasuaji: wiki 6, ambazo zinakaribiana na arubaini, kwa hiyo hapa bibi na daktari wanasema jambo moja. Kutolewa kizazi au uvimbe kwa kupasuliwa tumbo: wiki 6 hadi 8. Mtoto wa jicho: kazi ya kukaa ndani ya siku chache, ila vumbi, moshi wa jikoni na kulipikicha jicho ni mwiko kwa wiki kadhaa. Mfupa uliotiwa vyuma hauna kalenda ya kukisia. Picha ya eksirei ndiyo inayoamua. Maumivu yakiisha haina maana mfupa umeshika.

Kazi zipi sasa, zipi baadaye

Hoteli ndiyo mwajiri anayefikiriwa kwanza Unguja, na "kazi ya hoteli" si kazi moja. Usafi wa vyumba unaonekana mwepesi kwa asiyeufanya. Kwa kweli kila kitanda kinakutaka uinue pembe nne za godoro, uiname chini ya kitanda na usukume kigari cha mashuka kwenye mchanga, na hayo unayarudia chumba baada ya chumba kabla ya saa nane. Kwa mshono wa tumbo ulio chini ya wiki 6, usiiombe. Mhudumu wa mezani anasimama zamu nzima. Jikoni kuna masufuria, joto na sakafu yenye utelezi. Mapokezi, uwekaji wa nafasi, kujibu ujumbe wa wageni, stoo kwa upande wa kuhesabu na kuandika, ofisi ya mahesabu: hizi unaweza kuziomba mapema. Uliza mapokezi wakaa au wasimama, maana hoteli nyengine kaunta haina kiti, na uliza nani anayebeba masanduku usiku. Katika hoteli ndogo za Paje na Jambiani, mtu wa mapokezi usiku ndiye mbebaji, mlinzi na mfungua jenereta.

Waalimu wa kuzamia na wale wanaowapeleka wageni kuzamia kisiwa cha Mnemba wasitegemee karatasi ya kawaida. Kuzamia kuna fomu yake ya afya, na aliyepasuliwa karibuni anahitaji idhini ya daktari iliyoandikwa. Kuinua mtungi wa hewa juu ya mashua inayoyumba kunazidi kilo 5 mara kadhaa.

Mwani uache. Unainama majini na mshono wako, kisha unabeba gunia lililoroa mpaka ufukweni. Karafuu Pemba ni jambo jengine: kupanda mkarafuu hapana, wala kubeba polo (gunia), lakini kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo, ni kazi ya kukaa inayolipwa kwa kipimo. Mwenye mshono akae kwenye kiti chenye mgongo, si mkekani. Kuinuka kutoka chini ndiko kunakoumiza.

Fundi wa nguo anayetumia cherehani ya miguu anakaza tumbo kila akikanyaga. Yenye mota ni nafuu, na kama unatafuta kwa fundi mwengine, uliza anayo. Tuisheni ya nyumbani, uandishi wa hesabu za duka, ukatibu wa skuli, kuuza kwa simu, zote zinafaa hata wiki ya tatu.

Halafu angalia msimu. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo wakati hoteli nyingi za ukanda wa mashariki na kaskazini zinapunguza watu au kufunga kwa ukarabati. Wageni wanajaa tena kuanzia Juni au Julai mpaka Oktoba, kisha Disemba hadi Februari. Meneja anatafuta watu wiki chache kabla ya kufungua. Aliyepasuliwa Aprili hajapoteza kitu: apeleke maombi Mei, awe mzima Juni. Aliyepasuliwa mwisho wa Juni asijikaze kuikamata Julai. Alenge Novemba, na katikati yake atafute kibarua cha kukaa. Mwezi wa Ramadhani maofisi yanafunga mapema na majibu yanachelewa, kwa hiyo kimya cha wiki mbili wakati huo hakina maana umekataliwa.

Kuomba kazi ukiwa kitandani

Kama bado una mwajiri na uko kwenye likizo ya ugonjwa, soma mkataba wako kabla ya kutuma ombi lolote. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Nambari 11 ya 2005, inaitambua likizo hiyo, lakini hailindi mtu anayelipwa huku na kuonekana kazini kule. Kutafuta kazi ukiwa na ED hakuna ubaya. Kuanza kazi nyengine ED haijaisha ndiko kunakoleta barua ya kufukuzwa. Peleka kila ED ofisini kwa wakati, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiachishwa kwa sababu ya kuumwa, kopi hizo ndizo utakazokwenda nazo Kamisheni ya Kazi. Ukiwa hapo hapo, hakikisha michango yako ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, imeingia hadi mwezi wa mwisho uliofanya kazi. Ni rahisi kuifuatilia kabla hujaondoka kuliko baada.

Vitu vya kutengeneza mara moja: CV ya kurasa mbili, Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya skuli na chuo, na barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wako, kwa waajiri wanaoitaka. Barua ya sheha mtume mtu wa nyumbani akaulize kwanza kama sheha atakubali kuiandika bila ya kukuona. Masheha wengi wanawajua watu wao, na taarifa kuwa umelazwa imeshamfika kabla yako.

Nyaraka zipigwe picha kwa programu ya skana ya simu, mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa mezani na si kitandani. Kivuli cha mkono juu ya namba ya cheti kinatosha kukuangusha. Ziunganishe ziwe PDF moja yenye jina lako na kazi unayoomba, mfano "Maombi_Mapokezi_jina lako". Na jambo moja linalotokea zaidi ya watu wanavyokiri: picha ya kidonda uliyomtumia muuguzi WhatsApp inakaa jirani na picha ya cheti chako cha kidato cha nne. Kidole kikiteleza, meneja wa hoteli anapokea tumbo lako. Hamisha picha za hospitali kwenye folda yake kabla hujatuma ombi la kwanza.

Kazi za serikali zinaombwa mtandaoni kwa mfumo wa Zanajira. Fungua akaunti sasa, wakati una muda, kwa sababu kinachowakwamisha watu ni majina yanayotafautiana. Cheti kinasema Mwanakhamis, kitambulisho kinasema Mwanahamisi, na kurekebisha kunataka kwenda ofisini zaidi ya mara moja.

Pengo kwenye CV lieleze kwa mstari mmoja, kama liko zaidi ya miezi mitatu. "Februari hadi Mei 2025: mapumziko ya kiafya, yamekamilika." Basi. Likiwa fupi zaidi, andika miaka bila ya miezi na pengo halitaonekana. Hilo si uongo. Uongo ni kurefusha tarehe za kazi ya zamani. Zanzibar ni ndogo, na meneja wako mpya huenda anasali msikiti mmoja na wa zamani. Wadhamini uliowaandika wapigie simu mapema, wajue unaanza lini. Mdhamini akishtukizwa husema, kwa huruma zake, "masikini, yule amepasuliwa juzi," na kazi imekwenda.

Siku ya usaili

Ukiitwa, una haki ya kuomba mambo mawili: saa, na kujulishwa kama ofisi iko juu. Piga simu, usitume ujumbe. "Assalaam alaykum. Nimepata wito wenu wa Jumatano, na nitafika inshallah. Ninaomba mnipangie baina ya saa nne na saa sita ikiwezekana, na kama ofisi iko juu mnijuulishe, ili nifike mapema nipande taratibu." Hujataja ugonjwa, na hakuna aliyekuuliza. Swali la ofisi kuwa juu si dogo: majengo mengi ya Mji Mkongwe yana ngazi za mbao zilizosimama wima, na lifti hakuna.

Saa nne imechaguliwa kwa makusudi. Dawa ya maumivu ya asubuhi imeshafanya kazi, na uchovu wa mchana haujaingia. Ikiwa umeandikiwa tramadoli, inaleta usingizi na ulimi mzito; muulize daktari kama siku hiyo utumie parasitamoli, na usijibadilishie mwenyewe. Usiendeshe vespa nayo. Tramadoli pia inafunga choo, na kujikamua na mshono wa tumbo ni mateso, basi kunywa maji na kula papai tokea siku mbili nyuma.

Usafiri ndio unaowaharibia wengi. Gari za mbao, chai maharage, zinapandwa kwa nyuma huku umeinama, paa liko chini, na utabanwa baina ya abiria na vikapu. Basi dogo la Coaster ni afadhali, na kiti cha mbele ni afadhali zaidi. Kama una pesa ya teksi ya safari moja tu, itumie ya kwenda. Kurudi utarudi na daladala hata ukiwa umechoka, hakuna anayekutazama. Kwa anayekwenda Nungwi na daladala ya namba 116, hesabu njia nzima pamoja na kusubiri gari ijae, na chukua mto mdogo au kanga iliyokunjwa uikandamize kwenye mshono kila gari ikiruka shimo, na kila ukikohoa au kupiga chafya.

Kutoka Pemba kwenda kusailiwa Unguja, omba kwanza usaili wa simu au wa video. Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, boti inarusha, na kutapika kunakaza tumbo lote. Ikibidi uende, vuka siku moja kabla, mzigo wako abebe mtu mwengine, na ulale kwa jamaa.

Vaa nguo isiyobana kiunoni. Kanzu na baibui zimeshakutatulia hilo. Wa suruali avae ya lastiki au ya namba kubwa zaidi yenye shati la nje. Mwenye mkono wa kulia kwenye bandeji aweke mkono wa kushoto kifuani na aseme "niwie radhi" badala ya kutoa mkono wa kushoto.

Wakikuuliza habari za afya, jibu kwa mpango huu: lililopita, lililopo, tarehe. "Nilifanyiwa upasuaji mwezi wa pili, nimepona vizuri. Daktari ameniruhusu kazi ya kukaa sasa hivi, na kazi zote kuanzia tarehe 10 Juni. Barua yake ninayo." Nyamaza hapo. Ukiendelea kueleza, utajikuta unasimulia damu uliyoongezewa, na mwenye kusikiliza ameshakutoa kwenye orodha kwa kukuonea imani. Jina la ugonjwa huna lazima ya kulitaja. Lakini kama kazi inahusu roho za watu, dereva, nahodha, mwokoaji wa bwawa la kuogelea, kizuizi chako kiseme hata kama hukuulizwa. Na fomu ya afya iliyoandikwa usiijaze kwa uongo, kwa kuwa saini yako itakuwa ushahidi dhidi yako siku ikigundulika. Wanaoshika chakula watapelekwa kupimwa kabla ya kuanza. Huo ni utaratibu wa kila mtu, usidhani wamekutilia shaka.

Ukishapata

Usianze siku ile ile uliyopewa barua. Omba tarehe ya kuanza na kazi nyepesi kwa wakati mmoja, na kwa maandishi: "Naomba kuanza tarehe 1, na kwa wiki 4 za mwanzo nisipangiwe kubeba zaidi ya kilo 5, kwa mujibu wa barua ya daktari iliyoambatanishwa." Meneja akikubali kwa mdomo, mtumie ujumbe wa kumshukuru unaorudia masharti hayo, ubaki na ushahidi. Msimamizi wa zamu mpe kopi yake mkononi. Meneja aliyekubali yuko ofisini mjini, na msimamizi ndiye atakayekwambia "hebu shika hapa" gari ya vinywaji ikifika.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Hakuna mwajiri anayekulazimisha; mgeni ameshuka na masanduku matatu, wenzako wamekwenda kula, na wewe unaona haya kusimama. Jibu liwe tayari ulimini: "Namwita mwenzangu sasa hivi." Wenzako waambie siku ya kwanza, kwa neno moja, "nimepasuliwa, sibebi mpaka mwezi ujao." Wakijua, watakutetea wao. Wasipojua, watakuita mvivu.

Kila saa moja ya kukaa, inuka utembee dakika tano. Damu inayoganda kwenye mguu ni hatari ya wiki za mwanzo baada ya upasuaji, na kiti cha mapokezi kinaichangia. Ndama mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana ghafla, homa ikipita digrii 38, mshono ukitoa usaha au harufu, au ukiona uvimbe unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala, acha zamu uende hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na kopi ya karatasi yako.

Wiki ya 4 ya kazi rudi kliniki hata kama hujisikii kitu. Omba karatasi mpya yenye kilo mpya, mpelekee msimamizi, na aiondoe ile ya zamani kwenye faili.